Uzi: Wiski ya Uskoti kwa anayeanza, soma lebo kabla ya bei

Shayiri_Kavu (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Swali la "naanza wiski, ninunue ipi nzuri isiyonifilisi?" haliishi, na majibu yake karibu kila mara ni majina ya chupa za miaka 18 zilizolazwa kwenye sanduku la mbao. Anayeuliza anaondoka akiamini wiski nzuri ni ya wenye nazo. Si kweli, na inaniuma kuona mtu anakatishwa tamaa mapema hivyo. Lebo ya wiski ya Uskoti imebanwa na sheria kiasi kwamba ukijua kuisoma hudanganyiki kirahisi, na huhitaji pesa nyingi kupata kitu kizuri. Hiyo ndiyo hoja yangu: jifunze lebo kwanza, mengine yatafuata.

Tuanze na neno lenyewe, Scotch. Kanuni za mwaka 2009 zinataka wiski hiyo ikenekwe Uskoti, ilale kwenye mapipa ya mwaloni yasiyozidi lita 700 kwa muda usiopungua miaka 3, na ilale humo humo Uskoti, si kwingine. Ikiingia chupani isiwe chini ya asilimia 40 ya kilevi. Kinachoruhusiwa kuongezwa ni maji na rangi ya karameli, basi. Hakuna sukari, hakuna ladha ya kutia. Kwa hiyo hata chupa ya bei ya chini kabisa kwenye rafu, kama kweli imeandikwa Scotch Whisky, imepita kwenye masharti yale yale iliyopita chupa ya kifahari iliyofungiwa kabatini.

Kisheria zipo aina 5, ila anayeanza atakutana zaidi na 3.

Single Malt ni wiski ya shayiri iliyooteshwa peke yake, iliyokenekwa kwenye vyungu vya shaba katika kiwanda kimoja. Hilo neno la mwanzo linahusu kiwanda kuwa kimoja. Halimaanishi pipa moja, na wengi wanachanganya hapo. Ndani ya chupa yako kunaweza kuwa na mapipa mamia yaliyochanganywa, mradi yote yametoka kwenye kiwanda hicho.

Blended Malt ni shayiri tupu pia, ila ya viwanda viwili au zaidi. Monkey Shoulder ni mfano unaopatikana sehemu nyingi.

Blended Scotch ni mchanganyiko wa wiski za shayiri na wiski za nafaka nyingine, hasa ngano au mahindi. Humu ndimo walimo Johnnie Walker, Ballantine's, Famous Grouse, Teacher's, Dewar's, Chivas Regal na wenzao. Bei yake iko chini kwa sababu inayoeleweka. Mwaka 1830 Aeneas Coffey alipata hataza ya mtambo wa minara unaokeneka mfululizo bila kusimama. Chungu cha shaba kinajazwa, kinachemshwa, kinamwagwa, kinasafishwa, kinajazwa tena. Mnara wa Coffey unalishwa upande mmoja na kutoa pombe upande mwingine kutwa kucha. Pombe yake ni nyepesi na laini, na gharama yake ni ndogo. Unapolipia blendi pesa kidogo, unavuna faida ya mtambo huo, na haimaanishi umepewa takataka.

Sasa umri, maana hapa ndipo pesa za watu zinapopotelea. Namba 12 kwenye lebo ni umri wa wiski changa kuliko zote zilizomo. Wakichanganya mapipa ya miaka 30 na kijiko kimoja cha wiski ya miaka 5, sheria inawalazimu waandike 5 au wasiandike umri kabisa. Na miaka inahesabiwa kwenye pipa tu. Chupa ikikaa kabatini miaka 20, wiski ya 12 inabaki kuwa ya 12.

Kwa nini umri unapandisha bei? Pipa linavuja hewani. Uskoti hukadiriwa kwamba karibu asilimia 2 hupotea kila mwaka kwa kuvukizwa kupitia mbao, na wenyewe wanaiita sehemu ya malaika. Piga hesabu: pipa la lita 200 baada ya miaka 12 linabaki na kama lita 157, na baada ya miaka 18 kama lita 139. Ongeza kodi ya ghala na mtaji uliolala miaka yote hiyo. Unalipia kilichopotea na muda wa kusubiri. Je, ladha inapanda kwa kiasi kile kile bei ilivyopanda? Kwa anayeanza nasema hapana, tena bila kusita. Pua bado haijazoea kutofautisha, na pipa lililochoka likikaa na wiski miaka 18 halifanyi maajabu yoyote.

Kwa hiyo orodha yangu ya kuanzia ni fupi. Katika blendi, Johnnie Walker Black Label, ambayo ina umri wa miaka 12 na moshi kidogo unaokuja mwishoni. Ukitaka ya bei ya chini zaidi, Teacher's, ambayo ndani yake kuna wiski ya moshi ya kiwanda cha Ardmore na ina mwili mzito kuliko wengi wa daraja lake. Katika shayiri tupu, Glenfiddich 12 au Glenlivet 12 kwa wanaopenda matunda kama tufaha na peasi, na Glen Moray ile ya kawaida isiyoandikwa umri, ambayo sehemu nyingi ni miongoni mwa Single Malt za bei nafuu kabisa.

Karibuni kwa maswali, nitajibu kadiri nitakavyoweza.

Mgeni_wa_Glasi

Mkuu asante kwa uzi ulioshiba. Mimi ndiye huyo unayemsema. Shida yangu iko kabla ya lebo: nikinywa inaniunguza koo tu. Nasoma watu wanasema asali, vanila, zabibu kavu, mimi nasikia spiriti. Kuna namna?

Shayiri_Kavu

Ipo ndugu, na haihitaji pua ya kuzaliwa nayo. Kwanza acha glasi pana ya mdomo wazi. Tafuta yenye tumbo na mdomo uliobana, hata ile ndogo ya divai inafaa. Mimina kidogo, kama vidole viwili vilivyolala. Usiingize pua ndani ya glasi kama unavyonusa ua. Iweke chini ya kidevu, pandisha taratibu, na fungua mdomo kidogo wakati unanusa. Ukifunga mdomo, mvuke wote wa kilevi unapiga puani na kuzima kila kitu kingine.

Funda la kwanza liwe dogo sana, kazi yake ni kuuzoesha ulimi. Usilihukumu. La pili lizungushe mdomoni taratibu kabla ya kumeza, kisha pumua kupitia puani. Ladha nyingi zinakuja hapo, baada ya kumeza.

Halafu maji. Matone, si kumwaga. Chukua kijiko cha chai, dondosha, na angalia glasi ukiwa umeielekeza kwenye mwanga: utaona nyuzi kama za mafuta zikijizungusha ndani ya wiski kabla hazijapotea. Nusa tena. Mara nyingi harufu imefunguka na ukali umeshuka. Hii ina sayansi yake. Mwaka 2017 Björn Karlsson na Ran Friedman wa Chuo Kikuu cha Linnaeus, Sweden, waliigiza kwenye kompyuta tabia ya guaiacol, molekuli mojawapo inayoleta harufu ya moshi. Waliona kwamba kilevi kikiwa asilimia 45 au chini, molekuli hiyo hukaa karibu na uso wa kinywaji, pale pua inapofikia. Kilevi kikizidi sana, inazama katikati. Kwa hiyo atakayekucheka kwa kutia maji, mwache.

Barafu ni hiari yako. Inatuliza ukali, ila inafunga harufu pia. Kama unajifunza, iache kwanza.

Jivu

Naheshimu uzi, ila naomba kupingana. Blendi ni za kuchanganya na soda. Mtu anayetaka kujua wiski aingie moja kwa moja kwenye Single Malt. Blendi imepunguzwa makali kwa nafaka za bei rahisi, utajifunza nini humo?

Shayiri_Kavu

Mkuu Jivu, hoja yako ina umri mkubwa. Ubishi huo huo wa kama wiski ya mnara ni wiski au la ulifika hadi kwenye Tume ya Kifalme ya Uingereza, na mwaka 1909 tume ikasema ni wiski. Na hizo Single Malt tunazozisifu, kwa miongo mingi zilizalishwa hasa ili ziingie kwenye blendi. Glenfiddich ndio walioanza kuisukuma ya kwao kwa nguvu nje ya Uskoti kuanzia mwaka 1963. Bila blendi viwanda vingi visingekuwa hai leo.

Unajifunza nini? Unajifunza uwiano. Black Label ina tunda, ina utamu wa pipa, ina moshi, vyote kwa kiasi. Mtu akiinywa kwa utulivu anaweza kusema "huu moshi nimeupenda" au "huu moshi siutaki", na hapo tayari anajua chupa yake ya pili ielekee wapi. Ukimpa Laphroaig, wiski ya moshi mzito, siku ya kwanza akaichukia, umemfukuza kwenye wiski zote za moshi, pengine moja kwa moja.

Nakubaliana nawe kwenye jambo moja: zipo blendi za daraja la chini kabisa ambazo ni changa na zina ukali wa peke yake. Hizo kweli mahali pake ni soda.

Bi_Mwaloni

Mkuu Jivu, mimi nimekuwa mnywaji wa Single Malt muda mrefu na bado chupa ya Teacher's haikosekani ndani. Siioni kama ngazi ya kupandia kisha kuisahau.

Naomba niongeze jambo ambalo mleta uzi hajaligusa: ile namba ya asilimia. Watu wanaangalia umri, mimi naangalia kilevi kwanza. Wiski ya asilimia 40 ni ile iliyoshushwa kwa maji hadi mpaka wa mwisho wa sheria. Mara nyingi pia imechujwa baridi: wanaipoza, mafuta na esta za asili (viambato vya harufu na ladha) zinagandana, wanazichuja ili isiwe na ukungu mtu akitia barafu. Inapendeza machoni, ila wengi wetu tunaona mdomoni inapungua unene. Wiski ikiwa asilimia 46 na kuendelea haishiki ukungu kirahisi, ndiyo maana viwanda visivyochuja baridi vinapenda kuishia hapo.

Kwa hiyo unaweza kupata chupa ya miaka 10 au 12 yenye asilimia 46, isiyochujwa wala kutiwa rangi, kwa bei ya chini kuliko ya miaka 15 iliyoshushwa hadi 40. Tazameni Deanston 12, asilimia 46.3, kutoka kwenye jengo lililokuwa kiwanda cha pamba tangu karne ya 18 kabla ya kugeuzwa miaka ya 1960. Tazameni Arran 10 na Glencadam 10, zote asilimia 46. Tazameni Bunnahabhain 12, 46.3. Hizi hazina kelele kwenye matangazo, na pesa yako inaenda kwenye kilichomo. Na kwa sababu zina nguvu zaidi, wewe ndiye unayeamua maji yaingie kiasi gani.

Shayiri_Kavu

Dada umemaliza. Hilo lilistahili kuwa kwenye andiko la kwanza.

Msafiri_Mpole

Swali la haraka wakuu. Nimezoea kuchagua ile nyeusi zaidi nikiamini imekaa sana kwenye pipa. Niko sahihi?

Bi_Mwaloni

Usiitegemee rangi hata kidogo. Karameli ile inayoruhusiwa ni kwa ajili hiyo hasa, ili chupa zote zifanane rangi. Ujerumani wauzaji wanalazimika kuandika kwenye lebo kwamba rangi imetiwa, sehemu nyingine nyingi hawalazimiki.

Hata isipotiwa rangi, pipa lenyewe linadanganya jicho. Wiski nyingi zinalazwa kwenye mapipa yaliyotumika na bourbon, wiski ya Marekani, kwa sababu sheria ya kule inataka bourbon ilale kwenye mwaloni mpya uliochomwa ndani, kwa hiyo pipa likishatumika linauzwa, na Uskoti wananunua. Hayo hutoa rangi ya majani makavu na ladha ya vanila na nazi. Pipa lililokaa na sheri, divai kali ya Uhispania, hutoa wekundu na ladha ya zabibu kavu na viungo. Wiski ya miaka 8 ya pipa la sheri inaweza kuwa nyeusi kuliko ya miaka 20 ya pipa la bourbon.

Kama unapenda vitu vyenye ladha ya keki ya matunda, tafuta neno "sherry" kwenye lebo. Ukipenda vanila na asali, nenda na bourbon. Hilo litakusaidia kuliko rangi.

Jivu

Basi niseme la upande wangu, maana jina langu linajieleza. Moshi. Wanaoanza waelezwe moshi unatoka wapi, wasidhani pipa limeungua.

Shayiri ikishaoteshwa lazima ikaushwe. Kule visiwani kuni zilikuwa adimu, wakawa wanachoma mboji: udongo wa mimea iliyooza karne na karne kwenye vinamasi, unakatwa vipande kama tofali, unaanikwa, unachomwa. Moshi wake unashika kwenye shayiri na haubanduki hadi chupani. Kiwango chake wanakipima kwa fenoli, kemikali zinazoletwa na moshi, kwenye shayiri, sehemu kwa kila milioni. Ardbeg wako kama 55, Laphroaig wako kama 40 na kidogo.

Laphroaig ukiinusa mara ya kwanza utasema ni ayodini, bandeji, mwani uliotupwa ufukweni. Watu wanaikimbia. Mimi ndiyo niliyoipenda kuliko zote, ila nakubali mleta uzi ana haki, si ya kumpa mtu siku ya kwanza. Anayetaka kupanda taratibu aanze Black Label, aende Talisker 10 ya kisiwa cha Skye, yenye asilimia 45.8, moshi wa wastani na pilipili manga mwishoni. Hapo akiwa bado anatabasamu, Ardbeg 10 inamsubiri na asilimia 46 zake, haijachujwa baridi.

Na kuhusu kisiwa cha Islay, wanakotoka Laphroaig na Ardbeg, msiseme "Islay maana yake moshi". Bunnahabhain 12 aliyoitaja Bi_Mwaloni ni ya Islay na haina moshi wa kusema. Ardmore ni ya bara, eneo la Highland, na ina moshi. Eneo linakupa dokezo tu.

Mgeni_wa_Glasi

Nimejaribu ile ya kufungua mdomo na matone ya maji. Wakuu, leo nimesikia tufaha. Kweli kabisa, tufaha la kijani, halafu kama mkate mtamu nyuma yake. Ilikuwa Glenfiddich 12, toti moja baa. Nilikuwa nimeshaikata tamaa hii kitu.

Shayiri_Kavu

Umenifurahisha sana mkuu, kwa dhati. Na umefanya jambo la busara ambalo ni njia ya bei nafuu kuliko zote: toti moja kabla ya chupa nzima. Kama kuna baa yenye rafu nzuri, muulize mhudumu, onja moja, andika kwenye simu jina, asilimia na maneno mawili ya ulichosikia. Vichupa vya sentilita 5 navyo ni mkombozi pale vinapopatikana. Au mkiwa marafiki wanne, kila mmoja anunue chupa tofauti na mgawane. Mnakuwa na ladha nne kwa bei ya moja.

Tahadhari moja kwa wote. Msinunue kwa kuvutiwa na jina lenye harufu ya Uskoti, picha ya ngome au mbawala. Neno "Glen" peke yake halithibitishi kitu. Glen Breton ni wiski ya Kanada, kutoka Nova Scotia. Wenye Scotch waliipinga jina hilo hadi mahakamani na mwaka 2009 wakashindwa. Ni wiski halali, ila si Scotch. Unachotafuta ni maneno Scotch Whisky yenyewe. Na kama ni Single Malt, tangu mwaka 2012 lazima iwe imetiwa chupani Uskoti, kwa hiyo Single Malt inayosema imefungwa nchi nyingine ina walakini.

Msafiri_Mpole

Chupa nikishaifungua ikae vipi? Nimeona watu wanalaza kama divai.

Bi_Mwaloni

Isimamishe. Divai inalazwa ili kizibo kisikauke, lakini wiski ina kilevi kikali, ikigusana na kizibo muda mrefu inakila na kuharibu ladha. Weka kabatini mbali na jua. Ikiwa bado imejaa haina haraka. Ikibaki robo, hewa iliyomo ni nyingi na ladha inaanza kulegea, kwa hiyo ihamishie kwenye chupa ndogo au alika watu muimalize. Kiasi lakini, na anayeendesha asihesabiwe humo.

Mgeni_wa_Glasi

La mwisho kwangu. Nina pesa ya chupa moja tu mwezi huu. Matunda nimeyapenda, moshi bado naogopa, na ninataka ile yenye nguvu kidogo aliyosema Bi_Mwaloni. Nichukue ipi?

Shayiri_Kavu

Deanston 12 ukiipata. Ina asali, ina shayiri ya kutafuna, na asilimia 46.3 zitakupa nafasi ya kucheza na matone yako ya maji. Ikikosekana, Arran 10. Zote mbili zikikosekana, chukua Glenmorangie Original. Ni asilimia 40 tu, lakini vyungu vyao ni virefu kuliko vyote Uskoti, urefu wa twiga kama wenyewe wanavyopenda kusema, na mvuke unaofika juu kule ni ule mwepesi pekee, kwa hiyo inatoka laini, ina chungwa na vanila. Ukiifungua rudi hapa utuambie umesikia nini, na uandike hata kama hukusikia chungwa.